Vital Barakamfitiye na Wimbo wa Ngazi C

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 2026, zamu ya asubuhi itakapofungwa saa nane na nusu mchana, Mzee Vital Barakamfitiye atastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha santuri cha Mountain Creek kwa miaka kumi na saba na miezi miwili. Ana umri wa miaka sitini na sita. Wiki ijayo yeye na mkewe, Mama Véronique, wanahama Dallas kwenda Pearland, kusini mwa Houston, kuishi karibu na binti yao Keza, ambaye ni nesi.

Mimi naitwa Everline Nyaboke, nakaa ofisi ya maagizo. Kila oda ya kiwanda hupita mezani kwangu, na ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu zamu yetu ina Warundi, Wakongo, Wakenya na Mtanzania mmoja, na hii ndiyo lugha tunayogombana nayo na kupatana nayo. Watoto watakaokuja kwenye sherehe watafsiriwe na wazazi wao. Wasifu huu ulitakiwa uwe ukurasa mmoja. Sheldon Nderitu, msimamizi wetu wa zamu, ameusoma, akasema niuache ulivyo.

Mzee Vital alizaliwa mwaka 1960 katika mkoa wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi, kwenye kilima cha Gahororo. Alikuwa fundi redio. Vita vya 1993 vilimtoa kwao, akaishi kambini wilayani Kibondo, Tanzania, kwa miaka kumi na minne na ushee, akiendelea kutengeneza redio za wakimbizi wenzake kwa kisu cha mezani na waya wa kuchomea. Aliletwa Texas mwaka 2008. Mwaka wake wa kwanza aliumaliza kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja hapa Dallas, akikunja shuka. Aprili 2009 aliajiriwa kwetu, kufagia.

Hakufagia sana. Mwezi wake wa nne kazini, akiwa nyuma ya mashine ya pili na ufagio mkononi, alimfuata msimamizi wa wakati huo, Mmarekani, na kumwambia maneno mawili ya Kiingereza aliyokuwa nayo: mashine inakohoa. Walicheka. Kisha wakaifungua, wakakuta valvu ya mvuke imelegea na ilikuwa karibu kupasuka. Wiki iliyofuata alikabidhiwa kiti cha msikilizaji.

Kwa jamaa wasiojua kazi yetu, niseme kidogo. Santuri hutengenezwa kwa kubana donge la plastiki ya moto kati ya kalibu mbili za chuma. Kabla ya kutengeneza maelfu, tunatoa chache za majaribio. Mtu mmoja anakaa, anavaa hedifoni, anasikiliza pande zote mbili toka mwanzo hadi mwisho, kisha anatia sahihi. Bila sahihi hiyo mashine haiwashwi. Kwa miaka kumi na sita sahihi hiyo ilikuwa yake.

Amesikiliza kila kitu. Kwaya za Houston, magitaa ya Fort Worth, watu wanaopiga ngoma wakiwa na hasira. Siku moja aliletewa santuri ya kijana anayepiga kelele dakika arobaini mfululizo. Aliisikiliza yote, akavua hedifoni, akamwambia Sheldon, "Huyu mtoto anaumwa. Lakini santuri yake ni nzima." Pipa la santuri zilizokataliwa aliliita hospitali. Iliyopita aliiita ameruhusiwa nyumbani. Wakenya tulimcheka kwa maharage yake, aliyoyaleta kila siku ndani ya kopo lile lile la mtindi, naye alitucheka kwa kuagiza chakula kwa simu ilhali tumetoka nyumba zenye majiko.

Hayo ndiyo ya kufurahisha. Sasa niandike kilichotokea Machi 2024, kwa sababu bila hicho mtu hatamjua tunayemuaga.

Mwezi huo tulipokea oda kutoka Ufaransa. Mwimbaji wa pop wa huko, Maëlle Corvoisier, alikuwa anatoa upya albamu yake iliyotimiza miaka ishirini. Inaitwa *Toutes mes voisines*, yaani Majirani Zangu Wote. Nilisoma habari zake kwenye karatasi za oda. Mwaka 2004 mwanamke huyu alikuwa amechoka kuimba nyimbo za huzuni na gitaa moja. Alikuwa anaishi kwenye jengo la ghorofa huko Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, jengo la watu waliotoka kila mahali. Akapanga ukumbi wa chini, akaleta wapiga besi na ngoma za disko, akagonga milango ya wanawake waliotumia ngazi moja naye, ngazi C ya jengo lile, akawaomba waje waimbe naye, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Walikuja wa Algeria, wa Ureno, wa Komoro. Albamu ilipendwa sana, watu waliicheza madisko hadi asubuhi.

Jumanne tarehe 12, kama saa nne asubuhi, nilikwenda kwa Mzee na fomu ya kutia sahihi. Upande wa kwanza alikuwa amekwisha kuusikiliza na nilimkuta mguu wake ukicheza chini ya meza, jambo ambalo si kawaida yake. Nikasimama pembeni. Wimbo wa tatu wa upande wa pili ulianza, na baada ya muda mguu ukasimama. Akainua mkono, ishara ya subiri. Akarudisha sindano nyuma. Akasikiliza. Akairudisha tena. Mara ya tatu sindano ilikwaruza, na Mzee Vital alikuwa hajawahi kukwaruza santuri.

Akavua hedifoni, akanivalisha mimi.

"Dada Everline, unasikia nini?"

Nilisikia disko. Besi inaruka, makofi, sauti ya Maëlle. Halafu vyombo vikapungua, ikabaki ngoma peke yake, na juu yake mwanamke mwingine akawa anaimba kwa sauti nyembamba, ya juu, kama anayemwita mtu aliye mbali shambani.

"Nasikia mama anaimba. Ni Kirundi?"

"Ni Kirundi. Ni wimbo wa mama yangu wa kutikisa kibuyu cha maziwa. Aliutunga yeye, hakuna nyumba nyingine inayoujua. Alikuwa anatuita watoto wote saba kwa majina." "Huyu ametaja jina moja. Anasema, Vital wa Gahororo, maziwa yamepoa, uko wapi?"

Nilimuuliza ni nani anayeimba. Akasema, "Ni Spès. Ni mdogo wangu." Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu miaka tisa. Sikuwahi kusikia kwamba ana dada.

Sheldon alikuja kuuliza fomu iko wapi.

"Mzee, hiyo test iko sawa ama? Client anataka tu-press kesho asubuhi."

"Iko sawa. Lakini siwezi kusaini."

"Kuna noise?"

"Hakuna kelele. Ni mdogo wangu huyo anayeimba. Sijamsikia tangu Oktoba tisini na tatu."

Sheldon alidhani ni utani, akatabasamu, kisha akamwangalia vizuri na tabasamu likaondoka. Alivuta kiti, akaketi. Alichofanya baadaye nakiandika hapa ingawa amenikataza: aliisogeza oda ya Wafaransa nyuma, akaweka mbele kwaya moja ya Stafford, na akawaandikia wenye oda huko Paris kwamba kuna jambo kwenye santuri ya majaribio linalohitaji kuchunguzwa, na kwamba uamuzi huo ni wake yeye. Meneja alipokasirika, alikasirikiwa Sheldon.

Tuliangalia jalada. Mpiga besi ametajwa. Mpiga ngoma, mpiga picha, hata aliyeleta chakula. Wanawake wameandikwa tu, majirani wa ngazi C. Kwenye picha wamekaa kwenye vidato, na mmoja kidato cha nne amefichwa nusu na chuma cha kushikilia, uso umegeuka, anacheka. Mzee alichukua kioo kile cha kukuzia tunachoangalia nacho mistari ya santuri, akamtazama mwanamke huyo muda mrefu.

"Anaweza kuwa yeye," akasema. "Nilipomwona mwisho alikuwa na miaka ishirini na sita. Sijui uso wake wa baadaye ulikuwaje."

Niliandika barua pepe kwenda kwa kampuni ya Corvoisier. Nilieleza kwa Kiingereza. Mzee akaniomba nimwachie nafasi chini, akaongeza sentensi moja kwa Kifaransa, akibonyeza herufi moja moja: mimi ndiye Vital anayetajwa kwenye wimbo.

Tulisubiri siku tisa. Nazikumbuka siku hizo kuliko zile zilizofuata. Mzee alikuwa anakuja na shati lililopigwa pasi. Mama Véronique, ambaye husafisha vyumba kwenye hoteli, aliomba ruhusa ya siku moja, akafua mapazia yote ya nyumba, mtu anayesubiriwa akiwa ng'ambo ya bahari. Siku moja nilimkuta Mzee peke yake kwenye chumba cha mapumziko, amesimama mbele ya mashine ya soda, anazungumza kwa Kirundi kwa sauti ya chini, anakatiza, anaanza upya. Aliponiona aliona haya kidogo. Akaniambia, "Ninapanga maneno. Akipokea simu, nisije nikalia tu." Nilimuuliza kama ana hakika Spès yuko hai. Akasema, "Mtu anayeita namna hiyo anataka kujibiwa. Atakuwa anasubiri."

Jibu lilikuja Alhamisi. Lilikuwa fupi, la heshima, kwa Kiingereza. Walikuwa wamemtafuta mwanamke wa wimbo ule na wamempata. Jina lake Spès Nduwimana. Ndugu wa Kirundi mara nyingi hawashiriki jina la ukoo, kwa hiyo hata lingeandikwa kwenye jalada, hakuna ambaye angejua kwamba ni dada wa Barakamfitiye. Alikuwa mpishi kwenye shule ya watoto. Alifariki Novemba 2023, kwa saratani. Ameacha binti mmoja, Zoé, ambaye ameomba namba ya simu ya mjomba wake.

Nilisoma mara tatu. Nilikwenda kumwita Sheldon kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu. Tulifika mezani kwa Mzee. Alituangalia tulivyosimama sisi wawili, mikono mitupu, akaelewa.

"Lini?"

"Novemba, Mzee," nikasema.

Akahesabu kwa vidole, taratibu. Desemba, Januari, Februari, Machi. Vidole vinne vikabaki vimenyooka. Akavitazama. Sheldon, ambaye si mtu wa kushikana na watu, aliweka mkono begani mwake na hakuutoa mpaka honi ya chakula ilipolia.

Wiki ile alikaa nyumbani. Aliporudi, Jumatatu, aliomba kitu kimoja: jina liandikwe. Tulidhani Paris watakataa kwa sababu majalada yalikuwa yako kwa mchapaji. Hawakukataa. Corvoisier mwenyewe aliagiza lichapwe upya, na wanawake wote wa ngazi C wakatajwa, mmoja mmoja, kwa majina yao kamili. Jina la Spès Nduwimana lilipofika kwenye karatasi za kukagua herufi, nilimpelekea Mzee. Alilisoma, akanionyesha kwamba wamesahau alama juu ya e. Nikawaandikia tena.

Halafu akaketi, akavaa hedifoni, akasikiliza pande zote mbili toka mwanzo hadi mwisho kama kazi inavyotaka, akatia sahihi. Mashine ilipowashwa, badala ya kusikiliza moja katika kila mia, alisikiliza moja katika kila kumi. Hatukumzuia. Tulimwona pale, mgongo umenyooka, macho yamefumbwa, akiisikia sauti ile ile mara mia tatu na zaidi. Sheldon alimwambia aende nyumbani, apumzike. Akajibu, "Wewe una dada?" Sheldon akasema ndiyo, yuko Nyeri. "Mpigie," Mzee akasema, akaweka santuri nyingine.

Zoé alikuja mwezi wa Julai mwaka huo huo. Alipanga kuja mapema zaidi, lakini kimbunga kilikuwa kimepita Houston na nyumba ya Keza kule Pearland ilikaa siku sita bila umeme. Ndege yake ilitua Houston Jumamosi tarehe 27. Mimi ndiye niliye-drive, kwa sababu Mzee hakujiamini na barabara kuu siku ile. Mama Véronique alikaa nyuma na sufuria ya isombe, yaani kisamvu, mapajani, hakukubali iwekwe kwenye buti.

Tulipokaribia mji wa Huntsville, Mzee akaanza kuzungumza akiangalia mbele.

"Nilimwambia anisubiri kanisani. Nilimwambia, namvusha Véronique kwanza, halafu nakurudia. Alikuwa na godoro kichwani. Nikamwambia liache, akakataa."

Nikamuuliza, "Ulirudi, Mzee?"

"Nilirudi hadi mtoni. Ng'ambo kulikuwa na watu wenye mapanga. Nikasimama pale. Kisha nikageuka."

Mama Véronique akasema kutoka nyuma, "Mwambie yote."

Mzee akageukia dirisha.

"Basi nitasema mimi," Mama akasema. "Nilikuwa na mimba ya Keza. Nilimshika shati, nikamwambia, ukivuka tena huyu mtoto atazaliwa hana baba. Ni mimi niliyemzuia. Ndiyo maana jina la Spès halikutajwa nyumbani kwetu. Tungelitaja, Keza angeuliza. Tungemwambia nini? Kwamba shangazi yake aliachwa kwa ajili yake?"

Niliendelea kuendesha.

Zoé alitoka mlango wa wageni wa uwanja wa ndege akiwa na begi moja dogo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mwalimu wa hesabu. Hajui Kirundi wala Kiswahili. Mzee alikuwa amepanga maneno ya Kifaransa njia nzima, lakini alipomwona hakuyatumia. Aliinua mkono, akamgusa kipaji cha uso kwa vidole viwili, pale nywele zinapoanzia, akasema kwa Mama Véronique, "Ni cha mama." Alikuwa na maana ya mama yake mwenyewe, yule wa kibuyu. Zoé hakuelewa maneno, lakini hakusogea, akaacha aguswe.

Jioni ile, jikoni kwa Keza, Zoé aliuliza wimbo unasema nini. Mama yake aliuimba nyumbani miaka yote na hakuwahi kuutafsiri. Mzee akamweleza kwa Kifaransa, mstari kwa mstari, na Mama Véronique akawa ananinong'onezea kwa Kiswahili. Kisha Zoé akatoa yake. Mama yake alisubiri kanisani siku mbili. Masista wakampakia kwenye lori na wasichana wengine hadi Bujumbura, na baada ya miaka mmoja wa masista hao akamsaidia kufika Ufaransa. Alipeleka jina la kaka yake kila ofisi inayotafuta watu waliopotea. Corvoisier alipomwomba aimbe, alimwambia imba chochote, watu watacheza tu, hakuna atakayeelewa. Spès akamjibu kwamba yupo mmoja atakayeelewa.

"Alinikasirikia?" Mzee akauliza.

Zoé hakumdanganya. Alisema ndiyo, miaka mingi. Alisema mama yake hakuweza kulisema jina la Vital bila kuondoka chumbani. Wimbo ule aliuimba mwaka alioacha kukasirika.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Miaka kumi na moja," akasema. "Ilikuwa haki yake."

Keza alikuwa amesimama karibu na friji, mikono kifuani. Alikuwa ameambiwa kwa simu mwezi wa Aprili kwamba alikuwa na shangazi, lakini hakuambiwa sababu ya kufichwa. Akauliza kwa Kiingereza, kama anavyozungumza na wazazi wake siku zote, kwa nini hawakumwambia. Mama Véronique alimjibu kwa Kirundi, maneno machache, na mimi sikuhitaji kutafsiriwa. Keza alitoka kwenda gereji. Alikaa huko hadi chakula kikapoa. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akachukua sahani, akaijaza, akaiweka mbele ya Zoé, akaketi karibu naye kiasi kwamba viwiko viligusana, na wakala hivyo.

Ningependa kuandika kwamba baada ya pale Mzee alipata utulivu. Sijui. Mwaka jana tulialikwa harusi Cedar Hill, DJ akapiga wimbo wa ngazi C kwa kuwa umeanza kupendwa na vijana wa Kirundi hapa. Ukumbi mzima ulisimama kucheza. Mzee alitoka akaenda kusimama kwenye maegesho, katikati ya magari, na Mama Véronique akamfuata na koti. Walisimama pale hadi wimbo ukaisha, kisha wakarudi ndani, na Mzee akacheza nyimbo mbili zilizofuata, kwa adabu ya kutomharibia bibi harusi.

Mwezi wa tisa mwaka jana alikuja ofisini kwa Sheldon, akafunga mlango, akasema atolewe kwenye kiti cha msikilizaji. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Santuri zake zilikuwa safi. Lakini nyumbani, kila Jumapili baada ya misa, huwa anasikiliza upande wa pili, na kwa majuma kadhaa alikuwa amegundua kwamba pale mwishoni, Spès anapopandisha sauti, yeye hasikii kitu. Anamwona Véronique akisikiliza na uso wake ukibadilika, na yeye masikioni mwake ni kimya. Daktari wa masikio alithibitisha: sauti za juu zimekwisha, na hazirudi. Angeweza kunyamaza akamaliza muda wake. Alisema tu, "Kama simsikii yeye, kuna watu wengine ambao siwasikii, na wamelipia kusikiwa."

Kiti kina mtu mwingine sasa, Chebet, ambaye Mzee amemfundisha kwa miezi tisa. Chebet anasema somo la kwanza lilikuwa kukaa saa nzima bila hedifoni akitaja kila anachokisikia kiwandani, na Mzee akimwambia, bado, bado, endelea. Anasema pia kwamba mara kwa mara Mzee humwekea wimbo ule, hunyoosha kidole pale mwishoni, na kumuuliza, "Amefika juu?" Naye humjibu, "Amefika, Mzee."

Mwezi wa Septemba Mzee Vital, Mama Véronique na Keza watasafiri kwenda Roubaix. Zoé ameshapanga kila kitu. Wazazi wa Mzee na ndugu zake wengine watano waliuawa mwaka ule wa 1993, na hajui walilazwa wapi, kama walilazwa. Kaburi la Spès litakuwa la kwanza la mtu wa nyumba yake analoweza kulifikia kwa miguu. Wiki iliyopita nilimuuliza atapeleka nini. Alifikiri, akasema hajui watu hupeleka nini, hajawahi kuwa na pa kupeleka, kisha akaniuliza mimi, mtu wa Kisii, sisi hufanyaje. Nikamwambia watu wengine hupeleka maua. Akaliandika neno hilo kwenye karatasi, kama mtu aliyeagizwa dukani.

Mzee wetu, kwa niaba ya zamu ya asubuhi, ya mchana na ofisi, tunakushukuru kwa sikio lako na kwa uaminifu wako. Wapo watu katika nchi nyingi wanaosikiliza muziki safi na hawajui kwamba wewe ulitangulia kuusikiliza kwa niaba yao. Mama Véronique, asante kwa kutuazima mume wako kila alfajiri. Pearland iwapokee kwa wema, Keza asiwachokeshe kwa kuwapima presha, na miaka inayokuja iwe mingi na yenye afya.

Na Septemba ukisimama pale, Mzee, usimame kwa muda wote unaoutaka, hapa hakuna anayekungoja kwa fomu. Umpe na salamu zetu sisi wa Mountain Creek. Mwambie tulimsikia.